Tope la Mto Naili na Kina cha Bahari ya Kale

Kila askari aliyepata kuvuka mto usiku anajua kwamba fimbo hutangulia mguu. Anayeongoza safu huitumbukiza majini, akajua maji yatamfika kiunoni au kifuani, akasikiliza pia ncha ya fimbo imegusa nini huko chini: jiwe, mchanga au tope. Ndipo awape wenzake ishara. Mabaharia wa pwani hufanya vivyo hivyo kwa kamba iliyofungwa risasi mwishoni, ambayo huiita bildi, na kina hukihesabu kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa. Wala bildi haileti habari ya kina peke yake. Ikipakwa shahamu chini yake hupanda na chembe za sakafu ya bahari, na nahodha mzoefu akizitazama hujua yuko wapi hata kama nchi haijaonekana.

Katika karne ya tano kabla ya Kristo, mwandishi Mgiriki aitwaye Herodotus alizuru Misri, akaandika jambo ambalo mabaharia wa zama zake walilijua vema. Alisema kwamba chombo kikiwa bado kwenye mwendo wa siku nzima kutoka nchi kavu, ukitia bildi utapandisha tope, na kina kitakuwa pima 11 tu. Msafiri hajauona hata mti mmoja wa Misri, lakini udongo wa Misri umekwisha kutoka kumlaki. Herodotus hakuishia hapo. Alikuwa ameona masimbi juu ya vilima na chumvi ikitoka ardhini, akakata shauri kwamba Misri ya kaskazini ilikuwa zamani ghuba ya bahari, nao mto ukaifukia kidogo kidogo. Tena akasema kwamba kama Naili ungegeuza njia na kumimina maji yake katika ghuba iliyo upande wa Arabuni, basi miaka 20,000, pengine hata 10,000, ingetosha kuifukia yote.

Mtu huyo hakuwa na mashine ya kutoboa ardhi wala hadubini. Alikuwa na macho, na masikio ya kuwasikiliza mabaharia. Katika makala haya twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi wachunguzi wa siku hizi walivyoifuata bildi yake hadi ndani kabisa ya ardhi, na mambo waliyoyakuta huko, kwani mto huo ni wetu pia. Maji yanayotoka Ziwa Viktoria hapo Jinja hufika Bahari ya Mediterania baada ya safari ya zaidi ya kilometa 5,000.

Maji ni yetu, lakini tope si letu, na ni haki tuliseme hilo mapema. Maji ya Jinja hutoka ziwani yakiwa yamekwisha kutuama. Yakipita Ziwa Kyoga na Ziwa Alberti hutuama tena, na yakifika katika mabwawa makubwa ya manyasi na mafunjo ya Sudan Kusini huchujwa kama tui katika kifumbu. Naili Nyeupe hufika Khartoum imebeba udongo mchache sana. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za tope lililoijenga Misri zilitoka milima ya Ethiopia, zikashuka kwa Naili ya Buluu na Mto Atbara wakati wa mvua kubwa za huko, kuanzia mwezi wa Julai hadi Septemba. Milima hiyo ina mawe meusi ya volkeno, na unga wake ndio udongo mweusi ambao Wamisri wa kale waliuita kwa jina lililokuwa pia jina la nchi yao. Makadirio ya kawaida ni kwamba mto ulishuka na tani milioni 120 hivi za udongo kila mwaka kabla haujazuiwa.

Maji yaendayo kasi hubeba mzigo. Yakipunguza mwendo huutua. Hiyo ndiyo kanuni yote, na askari wa kikosi cha wahandisi anaifahamu. Tarehe 6 Oktoba 1973, jeshi la Misri lilipovuka Mfereji wa Suez, halikuitegemea mizinga kuubomoa ukuta wa mchanga uliokuwa umerundikwa ukingo wa mashariki. Wahandisi wake waliuelekezea mipira ya pampu za maji yenye nguvu, na katika saa chache mchanga ukaporomokea mferejini na njia za vifaru zikafunguka. Naili ulikuwa ukiifanya kazi hiyo hiyo Ethiopia kwa mamilioni ya miaka, ila bila amri ya mtu. Mto ufikapo baharini mwendo wake hufa. Mchanga mzito huanguka kwanza, pale pale mlangoni, ukafanya mafungu na fukwe. Udongo laini huelea mbali zaidi, mpaka chumvi ya bahari inapozigandamanisha chembe zake, zikawa madonge madogo na kuzama polepole katika maji marefu yaliyotulia. Kwa hiyo mchanga husema maji mafupi yenye mawimbi, na tope laini jeusi husema maji marefu, au mahali palipokingwa na upepo. Pembe tatu ya nchi iliyojengwa hivyo, yenye ncha yake karibu na Cairo na kitako chake baharini kilometa 160 hivi kaskazini, Wagiriki waliiita delta kwa kuwa inafanana na herufi yao ya jina hilo.

Katika miaka ya 1980 wachunguzi wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani, wakiongozwa na Daniel Jean Stanley, walianza kutoboa mashimo mengi kwenye ukanda wa kaskazini wa delta hiyo. Hutia bomba ardhini, wakalivuta likiwa na mche mrefu wa udongo, wakaupasua kwa urefu kama muwa, wakausoma kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa mara nyingi hukuta mchanga wa manjano, wenye chembe nene, uliotandazwa na mito siku ambazo bahari ilikuwa mbali. Juu yake pana tabaka jembamba la mchanga wenye masimbi yaliyovunjika: hapo ndipo bahari ilipopanda na kuisugua nchi. Kisha tope jeusi la bahari. Kisha udongo unaozidi kuwa mnene kadiri unavyopanda, mpaka mchanga wa ufukweni. Juu yake tope la wangwa na mboji ya matete. Na juu kabisa, shamba la mtu.

Mpangilio huo ni wa ajabu ukifikiriwa. Wakati huo wote bahari ilikuwa ikipanda, ila udongo unaonyesha maji yakizidi kuwa mafupi. Maana yake ni kwamba mto ulileta tope upesi kuliko bahari ilivyoweza kuinuka. Palikuwa na mashindano, na mto ukashinda.

Ushahidi wa kina wenyewe hutolewa na viumbe wadogo sana. Baharini mna vijidudu viitwavyo foraminifera, vyenye magamba ya chokaa, vingi vikiwa vidogo kama punje ya chumvi. Baadhi huishi chini sakafuni, kila jamii katika kina inachokipenda. Wengine huelea juu, na idadi ya hao waeleao huzidi kadiri unavyotoka pwani kwenda bahari kuu. Mtu akihesabu magamba ya aina hizo mbili katika kijiko cha tope, huweza kukadiria maji yalikuwa marefu kiasi gani siku tope hilo lilipotua. Kombe wa wangwa nao hutambulika, na chavua za mimea husema kama pwani ilikuwa karibu. Umri hupatikana kwa kupima kaboni iliyomo katika mboji na masimbi, kwani sehemu yake moja hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi.

Ndugu zetu wa polisi wataona mara moja hatari iliyopo. Shahidi akikutwa mahali pa tukio, haina maana kwamba alikuwapo tukio lilipotendeka. Mto huokota magamba ya kale kutoka kingo zake ukayatupa juu ya tope jipya, na mpimaji asiye mwangalifu akaandika miaka 9,000 mahali panapostahili miaka 4,000. Jambo hilo limetokea mara nyingi katika delta ya Naili, hata baadhi ya vipimo vya juu vikatoa umri mkubwa kuliko vya chini. Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Ukikuta mboji meta 20 chini ya usawa wa bahari ya leo, usiseme kwamba matete yaliota katika maji ya meta 20. Yaliota katika maji ya kufika magotini, kisha bahari ikapanda na ardhi yenyewe ikadidimia kwa uzito wake. Tope likirundikwa juu ya tope hukamuliwa maji na kushuka. Upande wa kaskazini-mashariki, karibu na Ziwa Manzala na Port Said, mashapo ya miaka 8,000 ya mwisho yana unene unaokaribia meta 50, na ardhi huko hushuka milimeta kadhaa kila mwaka. Kwa hiyo kina alichopimiwa mche wa udongo ni jambo moja, na kina cha maji ya kale ni jambo lingine. Baina yao pana hesabu ndefu.

Tumezungumza habari za miaka elfu chache. Lakini bildi ilishuka chini zaidi, na aliyeitia hakuwa akitafuta mambo ya kale hata kidogo. Wakati Warusi waliposaidia kujenga Bwawa Kuu la Aswan, kazi iliyoanza mwaka 1960, mwanajiolojia wao Ivan Chumakov alichunguza mwamba wa kushikilia bwawa hilo. Alitazamia kukuta jiwe gumu karibu. Badala yake, chini ya kitanda cha Naili alikuta korongo jembamba lililochongwa ndani ya mwamba hadi meta 200 hivi chini ya usawa wa bahari, nalo limejaa mashapo ya baharini yenye masalia ya viumbe wa maji ya chumvi. Hapo ni Aswan, kilometa zipatazo 1,200 kutoka Mediterania! Waliotafuta mafuta kwenye delta nao wakakuta korongo hilo hilo, lenye kina kikubwa zaidi. Chini ya Cairo hukadiriwa kuwa limeshuka meta 2,500.

Mto hauwezi kuchimba chini ya bahari unamoishia. Kama Naili ulichimba hivyo, basi bahari yenyewe ilikuwa imeshuka. Mwaka 1970 meli ya uchunguzi Glomar Challenger ilitoboa sakafu ya Mediterania, na wakuu wa safari hiyo, William Ryan na Kenneth Hsü, wakapandisha jasi na chumvi, vitu ambavyo hutuama maji ya bahari yakikaushwa na jua. Siku hizi inafahamika kwamba takriban miaka milioni 6 iliyopita mlango wa bahari wa upande wa Gibraltar ulizibika, maji ya Mediterania yakavukizwa, na uso wake ukashuka sana. Wataalamu wangali wakibishana ni maji kiasi gani yaliyobaki. Naili, ukikimbilia shimo hilo, ukakata korongo lake. Miaka milioni 5.3 iliyopita Atlantiki ikapasua njia, bahari ikarudi na kupanda ndani ya korongo hadi Aswan, kama mkono unaoingia katika shati. Ule mkono ndio ghuba ya Herodotus. Aliitambua ghuba yenyewe, na akamtambua aliyeifukia. Alichokosa ni hesabu ya miaka tu, na hatuoni sababu ya kumlaumu.

Bahari ikashuka tena, safari hii kwa baridi. Miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yamegandia katika barafu za kaskazini, bahari zote zilikuwa chini kwa meta 120 hivi. Nyakati hizo hizo, na baadaye kidogo, Afrika yetu ilikuwa kavu, na hapa bildi inagusa nyumbani. Wachunguzi waliochukua miche ya tope katika Ziwa Viktoria, hata karibu na sehemu zake za ndani kabisa, ambako leo maji hufikia meta 80 hivi, walikuta chini ya tope la ziwa udongo wa nchi kavu wenye alama za mizizi. Zaidi kidogo ya miaka 15,000 iliyopita ziwa hilo lilikauka. Hapakuwa na maji ya kutoka Jinja. Mvua ziliporudi ziwa likajaa, likafurika, na Naili Nyeupe ikaanza upya kwenda kaskazini.

Barafu zilipoyeyuka bahari ilipanda mbio, na hakuna mto duniani ulioweza kushindana nayo. Mbio hizo zilipopungua, miaka 8,000 hadi 7,000 iliyopita, delta nyingi za dunia zilianza kujengeka karibu wakati mmoja, na ya Naili ikiwamo. Haukupita muda mrefu wakulima wakaonekana pembezoni mwake.

Nchi iliyojengwa na tope haikai mahali pamoja. Waandishi wa kale walihesabu midomo saba ya Naili. Leo imebaki miwili, Rashid na Dumyat. Tawi la mashariki kabisa lilipita mji wa Pelusium, ambao Waarabu waliuita Farama. Huo ulikuwa mlango wa Misri kwa kila jeshi lililotoka Asia. Hapo Cambyses, mfalme wa Uajemi, alilivunja jeshi la Misri mwaka 525 kabla ya Kristo, na hapo ndipo Amr ibn al-As alipopita mwaka 640. Baadaye tawi lake lilijaa mchanga likafa, na ufukwe ukasogea mbele. Magofu ya ngome hiyo sasa yako kilometa chache kutoka baharini, katika uwanda wa chumvi usio na mto. Hakuna jeshi lililoishinda ngome hiyo mara ya mwisho isipokuwa udongo.

Upande wa magharibi mambo yalikwenda kinyume. Kwenye mdomo wa tawi la Canopus ulisimama mji wa Thonis, ambao Wagiriki waliuita Heracleion, na kila merikebu ya Kiyunani iliyoingia Misri ilikaguliwa na kutozwa ushuru hapo. Majengo mazito ya mawe yalijengwa juu ya tope lililojaa maji. Tetemeko au gharika likitikisa, tope la namna hiyo hugeuka uji. Mji ulizama kwa vipande, na baada ya karne ya nane ya Kristo haukuonekana tena. Mwaka 2000 mpiga mbizi Mfaransa Franck Goddio aliukuta katika ghuba ya Abukir, kilometa zipatazo 7 kutoka pwani, chini ya maji ya meta 10 hivi.

Goddio huyo huyo alikuwa amekwisha kuzamia mabaki ya L'Orient katika ghuba hiyo, nayo ni habari ambayo kila mwanajeshi afaa aijue. Mnamo Agosti mosi 1798, amiri wa Kifaransa Brueys alitia nanga manowari zake kubwa 13 kwa mstari, mafungu ya tope na mchanga yakiwa upande mmoja. Aliamini hakuna chombo kinachoweza kupenya kati yake na mafungu, hata mizinga ya upande huo haikuwekwa tayari. Jioni Waingereza walifika chini ya Nelson. Nahodha Foley wa manowari Goliath aliona kwamba mahali panapoitosha meli ya Kifaransa kuzunguka juu ya nanga yake, patamtosha yeye kupita. Akapita, na nyingine zikamfuata, na Wafaransa wakapigwa pande mbili. L'Orient ikalipuka usiku, Brueys akiwa amekwisha kufa, na manowari mbili tu kati ya 13 ziliokoka. Lakini tope halina upande: manowari ya Kiingereza Culloden nayo ilipwelewa kwenye fungu, ikabaki mtazamaji wa vita.

Askari wa nchi kavu walikwisha kuonja hayo kabla. Mwezi Julai 1221 majeshi ya Msalaba, yakiwa yameuteka Dumyat, yaliondoka kwenda Cairo bila kujali kwamba mto ulikuwa karibu kujaa. Karibu na Mansura Wamisri walifungua vizuizi vya maji, na jeshi zima likakwama katika tope hadi likasalimu amri mwisho wa Agosti.

Turudi Rashid. Hapo, mwaka 1799, askari wa Kifaransa waliokuwa wakitengeneza ngome kuukuu karibu na mdomo wa mto walifukua jiwe lenye maandishi ya aina tatu, ambalo baadaye liliwawezesha wataalamu kusoma lugha ya Wamisri wa kale. Rasi ya Rashid wakati huo ilikuwa bado ikikua kuingia baharini. Tangu mwanzo wa karne ya ishirini ikaanza kuliwa. Bwawa Kuu lilipoanza kushika maji mwaka 1964 na kukamilika mwaka 1970, mgao wa tope ulikatwa karibu wote, na mawimbi, ambayo hayakupewa likizo, yakaendelea na kazi yao. Kuna miaka ambapo bahari ilimeza zaidi ya meta 100 za rasi hiyo, na kwa jumla kilometa kadhaa zimekwenda. Samaki aina ya dagaa waliokuwa wakifuata gharika walipungua ghafla baada ya mwaka 1965, na miaka mingi ikapita kabla hawajarudi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 zilijengwa kuta za zege kuikinga rasi, na mawimbi yaliyozuiwa mbele yakaanza kula pembeni mwa kuta.

Hatusemi kwamba bwawa lilikuwa kosa. Liliiokoa Misri na njaa katika ukame wa miaka ya 1980, nalo huizuia gharika iliyokuwa ikiua. Lakini mamilioni ya watu wanaolima na kujenga kati ya Alexandria na Port Said wanaishi juu ya ardhi inayoshuka, mbele ya bahari inayopanda, na fundi aliyekuwa akiongeza tabaka jipya kila mwaka haji tena. Na huko juu njia imefungwa mara ya pili, kwani bwawa la Ethiopia juu ya Naili ya Buluu lilianza kujazwa maji mwaka 2020.

Tope lenyewe halikupotea. Linaposhuka kutoka Sudan hukutana na maji tulivu ya ziwa la bwawa la Aswan, upande wa Wadi Halfa, na hapo hufanya lile lile lililokuwa likifanya baharini: mchanga kwanza, kisha udongo laini mbele zaidi, tabaka juu ya tabaka. Wapimaji wanaopita huko kwa mashua na kutia vipimo vyao majini huona sakafu ya ziwa imeinuka, na delta mpya inajengwa chini ya maji.